Akili, Sheria ya Asili na Maadili katika Zama za Mwangaza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza, waseminari, walimu wa uraia, na watu waliobishana mpaka usiku kuhusu haki za binadamu zilikotoka. Yameanzia kwenye ya msingi na kuishia kwenye yale yanayosumbua hata wanaojua. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo mwenye haraka aruke hadi alitakalo.

## Ya msingi

1. Sheria ya asili ni nini hasa?

Ni dai kwamba lipo jema na lipo ovu hata kabla bunge halijakaa wala mfalme hajatia saini. Amri ya kuua watoto wa kiume wa kabila fulani inaweza kuwa na muhuri na askari wa kuitekeleza, na bado ikawa ovu. Sheria ya asili ndiyo kipimo kinachokuwezesha kusema hivyo bila kusubiri amri nyingine ya kuifuta. Cicero, mwanasheria wa Roma aliyeuawa mwaka 43 KK, alisema ni akili iliyonyooka inayopatana na maumbile, na kwamba haiwi moja Roma na nyingine Athens, wala moja leo na nyingine kesho.

Watu wengi huichanganya na sheria za mila. Sheria za mila ni za jamii fulani, na wazee wakikubaliana hubadilika. Wengine huichanganya na kanuni za fizikia. Embe likikatika kikonyo halina budi kuanguka. Mtu ana hiari, na ndiyo maana sheria ya asili huvunjwa kila siku bila kukoma kuwa sheria.

2. Zama za Mwangaza zilikuwa lini, na zilihusu nini?

Wengi huhesabu kuanzia mwisho wa karne ya 17 hadi miaka ya Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza 1789. Hakikuwa chama wala madhehebu. Walikuwa watu wa Paris, Edinburgh, Milan, Königsberg na Philadelphia, waliosomana, wakaandikiana na kutukanana.

Maelezo yanayonukuliwa zaidi ni ya Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, katika makala aliyoiandika kwenye jarida moja la Berlin mwaka 1784. Alisema Mwangaza ni mtu kutoka katika utoto aliojitakia mwenyewe, yaani ile hali ya kushindwa kutumia akili yako bila kushikwa mkono. Mifano yake ina kejeli tamu: ninacho kitabu kinachoelewa kwa niaba yangu, ninaye mchungaji mwenye dhamiri kwa niaba yangu, ninaye daktari wa kuniamulia chakula, basi sina haja ya kujisumbua.

3. Kwani kabla yao watu hawakutumia akili?

Walitumia sana. Thomas wa Akwino, mwanatheolojia Mkatoliki aliyefariki 1274, alifundisha kwamba sheria ya asili ni namna kiumbe mwenye akili anavyoshiriki sheria ya milele ya Mungu. Anayedhani Zama za Kati zilikuwa giza tupu amezisoma kwa maadui zake.

Kilichobadilika ni madaraka ya akili. Kwa Thomas, akili na mafundisho ya Kanisa hazikupaswa kugongana, na zikionekana kugongana ilijulikana nani mwenye neno la mwisho. Kufikia karne ya 18 Kanisa lenyewe, mfalme na desturi za mababu waliitwa kizimbani, na hakimu akawa akili ya mtu yeyote aliye tayari kuitumia. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo waandishi hao wengi walilikimbia: ni nani anayehesabiwa kuwa na akili? Tazama swali la 13 hadi la 15.

## Kutoka Grotius hadi Kant

4. Ni kweli Hugo Grotius, mwanasheria wa Uholanzi, alisema sheria ingekuwepo hata bila Mungu?

Alisema, lakini nusu ya pili ya sentensi huachwa. Katika utangulizi wa kitabu chake kuhusu sheria ya vita na amani, kilichochapishwa Paris mwaka 1625, aliandika kwamba aliyoyaeleza yangekuwa na nguvu kiasi fulani hata kama tungekubali, jambo lisilokubalika bila uovu mkubwa, kwamba Mungu hayupo au hajali mambo ya wanadamu. Grotius alikuwa Mkristo wa dhati, na alipokuwa gerezani alitunga utenzi wa kuutetea Ukristo, akiwalenga mabaharia. Hata wazo lenyewe halikuwa jipya, kwani wanatheolojia wa karne ya 14 walikwisha kulichezea.

Basi kwa nini sentensi hiyo ilivuma? Tazama mazingira. Grotius alikuwa amefungwa maisha katika ngome ya Loevestein, Uholanzi, kwa ugomvi uliochanganya siasa na dini, akatoroka mwaka 1621 akiwa amejikunja ndani ya sanduku la vitabu ambalo walinzi walilibeba wenyewe. Nje, Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wanachinjana katika vita vya miaka 30 (1618 hadi 1648). Kumwambia adui “Biblia inakataza” hakukusaidia, kwa sababu walipigana kuhusu nani anaisoma Biblia sawasawa. Ulihitajika msingi ambao pande zote zingeweza kusimama juu yake.

5. Hobbes na Locke wote huanza na “hali ya asili”. Wanaachana wapi?

Wanaachana kuhusu kile ambacho akili inakuambia pale pasipo na serikali. Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1651, miaka miwili baada ya Waingereza kumkata kichwa mfalme wao. Kwake, maisha bila mtawala ni ya upweke, ufukara, uchafu, ukatili na ni mafupi, hivyo akili inakushauri utafute amani kwa kumkabidhi mtawala karibu kila kitu.

Kwa John Locke, Mwingereza mwenzake, hali ya asili tayari ina sheria yake, na sheria hiyo ni akili, inayomfundisha kila anayeiuliza kwamba watu wote ni sawa na huru, na hivyo asiwepo wa kumdhuru mwenzake katika uhai, afya, uhuru au mali. Serikali basi ni mdhamini tu. Akiila amana, anaondolewa. Kitabu chake kilitoka 1689 bila jina la mwandishi, na Locke hakukiri waziwazi kuwa ni chake mpaka kwenye wosia wake. Alijua alichokiandika.

6. Kuna profesa aliyefukuzwa nchini kwa kuwasifu Wachina?

Yupo, Christian Wolff wa Chuo Kikuu cha Halle, Prussia. Mwaka 1721 alitoa hotuba akisema Wachina wa mapokeo ya Confucius walifikia maadili mema kwa akili, bila ufunuo wa Kikristo. Wanatheolojia wenzake waliona hatari mara moja: kama mtu anaweza kuwa mwema bila mahubiri, mhubiri ana kazi gani? Mashitaka yakafika kwa mfalme Friedrich Wilhelm I, aliyependa jeshi kuliko vitabu. Inasimuliwa kwamba kilichomkasirisha hasa ni kuambiwa kuwa kwa falsafa ya Wolff askari anayetoroka hana kosa, maana ilikwisha pangwa atoroke.

Mwaka 1723 Wolff akapewa saa 48 aondoke, la sivyo anyongwe. Alipokewa Marburg, umaarufu wake ukakua, na mwaka 1740 mfalme mpya, Friedrich II, akamrudisha Halle kwa heshima. Kisa hiki hutajwa mara chache, lakini kinaonyesha kuliko vitabu vingi nini kilikuwa hatarini: mamlaka ya kumwambia mtu lipi jema.

7. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, alisema akili ni mtumwa wa hisia. Si aliuangusha mradi wote wa kujenga maadili juu ya akili?

Aliutikisa kweli. Katika kazi yake ya 1739 na 1740, Hume alisema akili peke yake haimsukumi mtu kutenda. Hukuonyesha njia ya kupata unachotaka, ila kutaka kunatoka kwenye hisia. Pia aliona waandishi wakieleza jinsi mambo yalivyo, kisha ghafla wakaanza kusema yanavyopasa kuwa, bila kuonyesha walivukaje. “Wanyama wenye nguvu huwatawala dhaifu” ni habari. “Kwa hiyo mwenye nguvu atawale” ni dai jingine kabisa, na linahitaji hoja yake.

Pigo hilo lilizigusa nadharia nyingi za sheria ya asili, zilizodai kusoma wajibu moja kwa moja kwenye maumbile. Kant alikiri kwamba Hume ndiye aliyemwamsha usingizini.

8. Amri isiyo na masharti ya Kant ni nini, kwa lugha nyepesi?

Kabla ya kutenda, jiulize kama ungeweza kutaka kanuni unayoifuata iwe sheria ya kila mtu. Mfano wa Kant mwenyewe (1785) ni wa mkopo: mtu ana shida, anakopa na kuahidi kurudisha ilhali anajua hatarudisha. Kila mwenye shida akifanya hivyo, ahadi ya mkopo itageuka maneno ya kuchekesha na hakuna atakayekopesha. Tapeli basi anataka wengine waendelee kuaminika ili yeye apate kudanganya. Anajitengea nafasi ya pekee ambayo hawezi kuitetea mbele ya akili. Anayewadai watu anaijua hoja hii bila kufundishwa.

Kant aliisema pia kwa namna nyingine: usimtumie mtu, pamoja na wewe mwenyewe, kama chombo tu. Jipya hapa ni kwamba sheria ya maadili haisomwi tena kwenye maumbile. Akili inajitungia na kujifunga nayo. Ndiyo njia aliyoitumia kukwepa pigo la Hume.

## Dini

9. Wanafalsafa hawa walikuwa wapinga dini?

Wachache. Waliomkana Mungu waziwazi walikuwepo, hasa Paris. Wengi walimwamini na kuwashambulia makasisi, mwandishi Mfaransa Voltaire akiwa wa kwanza kwa ulimi. Kant alikataa kujenga maadili juu ya dini, kisha akasema maadili yenyewe yanatufikisha kwenye imani.

10. Waislamu si walijadili haya mapema zaidi?

Walijadili, tena kwa makali. Karne nyingi kabla, Mu'tazila, kundi la wanatheolojia wa Kiislamu, walishikilia kwamba akili inaweza kujua wema na ubaya wa tendo hata kabla ya wahyi. Ash'ari, aliyeanzia kwao kisha akawaacha katika karne ya 10, alisema tendo ni jema au ovu kwa kuwa Mungu ameliamuru au amelikataza. Wamaturidi, kundi jingine la wanatheolojia, wakashika njia ya kati. Msomaji wa pwani yetu, ambako wanazuoni wengi ni Mashafii wenye itikadi ya Ash'ari, akimsoma Locke anatambua haraka upande gani wa mjadala anasikia.

Njia moja ya wazi ya kufika Ulaya ni hadithi ya Ibn Tufayl wa Andalusia, karne ya 12, ya mtoto Hayy aliyelelewa na paa kisiwani peke yake, akamjua Muumba kwa kutazama na kufikiri. Ilichapishwa kwa Kilatini Oxford mwaka 1671, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka London mwaka 1708, ikasomwa sana.

## Mahakamani na mabungeni

11. Mawazo haya yalimsaidia nani kwa vitendo?

Aliyesaidiwa kwanza ni mshitakiwa. Chukua kisa cha Jean Calas, mfanyabiashara wa vitambaa na Mprotestanti wa Toulouse. Usiku mmoja Oktoba 1761 mwanawe alikutwa amekufa dukani, shingoni ana alama za kamba. Mtaa ukavumisha kwamba baba amemuua asiwe Mkatoliki. Ushahidi haukuwepo. Mahakama ikaamuru ateswe ili akiri, akajazwa maji kwa nguvu, hakukiri. Tarehe 10 Machi 1762 akafungwa kwenye gurudumu, akavunjwa viungo na kuuawa, akikana hadi mwisho. Voltaire aliishika kesi hiyo, akaandika barua kwa kila mwenye cheo aliyemjua, na Machi 1765 Calas akatangazwa hana hatia.

Katikati ya kelele hizo, mwaka 1764, kijana wa Milan mwenye miaka 26, Cesare Beccaria, alitoa kitabu kifupi kuhusu makosa na adhabu. Hoja yake dhidi ya mateso ingali haijajibiwa: mateso humwachia huru mhalifu mwenye mifupa migumu na kumtia hatiani asiye na kosa aliye dhaifu, kwani yanapima uvumilivu wa misuli badala ya ukweli. Adhabu, alisema, izuie kosa kwa uhakika wake wala si kwa ukali wake. Kitabu kilisomwa na watawala wenyewe, na mwaka 1786 Toscana, dola mojawapo ya Italia, ikafuta adhabu ya kifo.

12. Na Marekani na Ufaransa?

Tangazo la Uhuru la Marekani la 1776 linataja “Sheria za Asili na za Mungu wa Asili” na kuuita usawa wa watu ukweli ulio wazi wenyewe. Tamko la Haki za Binadamu na Raia la Ufaransa la Agosti 1789 linazitaja haki za asili kuwa uhuru, mali, usalama na kupinga ukandamizaji. Sheria ya asili, iliyokuwa zaidi orodha ya wajibu, sasa ikasomwa kama orodha ya madai ya mwananchi kwa dola.

## Nani ana akili?

13. Waandishi wa usawa walimilikije watumwa?

Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa tangazo la 1776, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Locke alikuwa na hisa katika Royal African Company, iliyofanya biashara ya watumwa. Hume na Kant wote waliandika kwamba Waafrika wako chini kiakili. Kusema “walikuwa watu wa zama zao” hakutoshi, kwa sababu katika zama hizohizo mwandishi Mfaransa Montesquieu aliwakejeli watetezi wa utumwa (1748).

Kosa lina utaratibu wake. Ukishasema haki inatokana na akili, anayetaka kumnyima mtu haki hana haja ya kupinga kanuni. Anamnyima akili tu, na kanuni inabaki safi. Nadharia za rangi zilifanya kazi hiyo hasa.

Waliobaguliwa waliiona hila. Ottobah Cugoano, aliyetekwa akiwa mtoto katika Ghana ya leo na baadaye akaishi London, aliandika mwaka 1787 kwamba sheria ya asili na sheria ya Mungu zote zinamhukumu mwenye watumwa. Mwaka 1772 mahakama ya London ilikwisha mwachia huru James Somerset, aliyefungwa minyororo melini ili akauzwe Jamaica; Jaji Mansfield alisema utumwa ni chukizo lisiloweza kusimama ila kwa sheria iliyotungwa na watu. Na watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa, walioinuka mwaka 1791 hawakungoja ufafanuzi wa tamko la Ufaransa: tarehe 1 Januari 1804 wakawa taifa la Haiti.

14. Palikuwa na Mwafrika kati ya wanafalsafa wenyewe?

Ndiyo, Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa karibu na Axim, Ghana ya leo, mwanzoni mwa karne ya 18, akapelekwa Ulaya angali mdogo na kukulia katika nyumba ya watawala wa Wolfenbüttel. Mwaka 1729, pale Halle, alitetea hoja kuhusu haki za Waafrika waishio Ulaya. Maandishi yake yamepotea, na ni hasara kubwa. Mwaka 1734 alitetea tasnifu ya falsafa Wittenberg, kisha akafundisha Halle na Jena, Wajerumani wakiwa wanafunzi wake. Baadaye alirudi pwani alikozaliwa. Hume alipoandika kwamba hakuna msomi mweusi, Amo alikuwa amekwisha kuacha kufundisha.

15. Wanawake waliachwa wapi?

Nje ya mlango, kwa hoja ileile ya swali la 13. Mwandishi Mwingereza Mary Wollstonecraft alijibu mwaka 1792: ikiwa wanawake wanaonekana wapuuzi, ni kwa sababu wamelelewa wapendeze badala ya kufikiri. Mwaka mmoja kabla, Mfaransa Olympe de Gouges aliliandika upya tamko la 1789 kwa jina la wanawake: mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kuuawa, basi awe na haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Novemba 1793 alipandishwa lile la kwanza.

## Baada ya Mwangaza, na maswali magumu

16. Ni nani aliyeziita haki za asili upuuzi?

Jeremy Bentham, mwanasheria wa London. Alipolichambua tamko la Ufaransa alisema haki za asili ni upuuzi, na haki za asili zisizoondosheka ni upuuzi juu ya mironjo. Kwake haki ni mtoto wa sheria iliyotungwa. Ukitaka kujua sheria ni njema, pima furaha na maumivu inayoleta. Pamoja na ukali huo, alikuwa mtu wa Mwangaza kabisa: alimsifu Beccaria, na naye hakukubali desturi ijitetee kwa umri wake.

17. Haya yanatuhusu vipi leo?

Soma kifungu cha kwanza cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, 10 Desemba 1948: “Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu.” Waandishi waliondoa kwa makusudi maneno yaliyotaja maumbile, wala hawakumtaja Mungu, ili Mchina, Mwislamu, Mkristo na asiye na dini waweze kulikubali. Ni mbinu ya Grotius (swali la 4), miaka 323 baadaye. Katiba ya Tanzania, iliyoingiziwa sura ya haki mwaka 1984, inasema katika ibara ya 12: “Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa.” Haisemi kwamba serikali ndiyo inayowapa usawa huo.

18. Muuaji akigonga mlango akimtafuta rafiki yangu niliyemficha, nimdanganye?

Kant, mwaka 1797, alisema hapana. Sababu yake: ukisema kweli, huenda rafiki amekwisha kutoka kupitia dirishani, ukidanganya kwamba ametoka, na kumbe katoka kweli wakakutana njiani, unalo la kujibu. Wafuasi wake wengi hapa humkimbia. Mimi naona alishindwa kutumia silaha yake mwenyewe: kanuni ya “danganya muuaji ili kuokoa maisha” inaweza kutakiwa na kila mtu bila kujibomoa, tofauti na ile ya mkopo katika swali la 8. Anayebishana nami ataniuliza kanuni ipangwe kwa upana gani, na kweli hapo ndipo nadharia nzima ina ufa.

19. Kama utu ni akili, vipi kichanga, au mtu aliyezaliwa na ulemavu mkubwa wa akili?

Kant alijibu nusu: mtoto ni mtu tangu kuzaliwa, na wazazi waliomleta duniani bila ridhaa yake wanadaiwa naye. Wafuasi huongeza kwamba kinachoheshimiwa ni ubinadamu wenye uwezo wa kufikiri, hata usipodhihirika kwa huyu. Jibu hilo linatosha kwa kichanga. Kwa yule ambaye hatafikiri kamwe, linaazima hadhi kutoka kwa jamaa zake, na anayelisoma kwa makini anaona mkopo huo.

Locke hakuwa na jibu bora: aliyekosa akili maisha yote anabaki chini ya uangalizi wa wazazi. Thomas wa Akwino angesema nafsi yake ni ileile, lakini hilo linarudisha msingi ambao Grotius alitaka kuuweka kando. Aliyelikata fundo kwa ukali zaidi ni Bentham, katika tanbihi ya mwaka 1789 iliyohusu wanyama: swali si kama wanaweza kufikiri, wala kama wanaweza kusema, bali kama wanaweza kuumia.